Neno "harmful" lilivyomkalisha mwanafunzi wangu juani Garissa

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Jana nimepita kwenye uzi wa kijana anayeuliza namna ya kutumia neno "harmful" kwenye sentensi ya Kiingereza. Mmemjibu vizuri. Ni adjective, maana yake chenye kudhuru. Sigara, sumu, mbu. Sawa kabisa.

Mimi nililifundisha neno hilo Garissa wakati wa vita vya shifta, wale waasi waliotaka eneo lile lijiunge na Somalia. Nikalitumia bila kosa hata moja la grammar, na nusura nimpoteze mtu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na kwa umri huu sina sababu ya kuwadanganya. Wenye haraka piteni tu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, nimetoka Murang'a na cheti kipya na suruali mbili. Mji ulikuwa na kafyu. Kijana wa Kisomali akikutwa barabarani saa za masomo bila barua ya shule, anachukuliwa akaulizwe maswali, na wengine walikaa sana kabla ya kuonekana tena.

Hayo nilikuwa nayajua. Nasema mapema msije mkanitetea.

Jumanne moja nikaandika ubaoni: Smoking is harmful. Darasa zima likasoma kwa sauti. Mosquitoes are harmful. Wakasoma. Halafu nikaandika yangu mwenyewe, ambayo haikutoka kwenye kitabu chochote: Rain is harmful.

Mnaotoka milimani mtanielewa. Kwetu mvua ya masika ilishusha mteremko mzima ukafukia nyumba ya shangazi yangu na mbuzi wake wote. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sentensi ya kawaida.

Hakuna aliyesoma.

Nikarudia. Siku hizo watu walianza shule wakubwa, kwa hiyo mbele yangu kulikuwa na wanaume wenye ndevu, wote wanaangalia madawati.

Nikamsimamisha Abdullahi. Huyu ndiye aliyekuwa bora kwa Kiingereza, mrefu, mpole, hana neno na mtu. Nikamwambia asome.

"Sir, I cannot."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki, mwalimu."

Wakuu, hasira ilinipanda hadi utosini. Na ukweli ni kwamba niliogopa. Sisi watu wa bara, wa kutoka "down Kenya", kama wanavyotuita kule, tulikuwa tunaambiwa kila siku tuwe macho. Basi nikaona mgomo. Nikaona shifta ameketi ndani ya darasa langu.

Nikachukua karatasi nikamwandikia babake: Your son is a harmful influence in my class. Nikatia sahihi. Nikamwambia aipeleke nyumbani, asirudi bila mzee.

Babake alikuwa mfugaji wa ngamia, hakujua kusoma hata herufi moja. Sasa barua ile ya Kiingereza nilikuwa namwandikia nani? Nimejiuliza miaka yote hii.

Haikupita nusu saa, Mzee Gedi, mlinzi wa lango letu, Msomali ambaye kwake p ni b na v ni f, akaingia darasani bila hata kubisha.

"Maalim, yule kijana umemtuma wabi? Askari wamemshika habo sokoni. Wamemuliza barua, ametoa yako."

Nikatoka na chaki mkononi. Njiani nikamuuliza mzee, kwani hawa watu wamegoma kwa nini?

"Hawajagoma. Umewambia watukane mfua."

"Mimi? Nimewaambia wasome sentensi tu."

"Maalim, mfua ni rehema. Haba tunaomba Mungu, tunachinja mbuzi, tunaomba tena. Ngamia wanakufa. Halafu watoto wa watu wasimame waseme mfua ni mbaya? Wote bamoja? Kwa sauti?"

Nikajitetea: na mto Tana ukifurika ukabeba nyumba je?

"Huo ni mto," akasema, akaendelea kutembea.

Tulimkuta Abdullahi ameketi chini na vijana wengine waliokamatwa, mikono kichwani, jua la saa sita. Afisa ana karatasi yangu mkononi. Naye alikuwa mtu wa bara kama mimi, akanipokea kama ndugu yake.

"Mwalimu, kazi nzuri! Wewe ndiye umetusaidia kumjua huyu."

Wallahi, nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini hakuna tusi lililoniuma kama shukrani ile.

Nikamweleza kwamba ni habari ya mvua tu. Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Hapa umeandika harmful. Sasa unaniambia si harmful. Nishike lipi?"

Nikamwambia lile la kwanza liliandikwa na hasira. Akanipa kalamu. "Andika upya. Lakini ujue, huyu akionekana msituni na wale watu, tunakuja kwako wewe."

Mimi si shujaa, jamani. Nilimfikiria mama yangu. Nilifikiria kwamba huyo kijana simjui, sijui hata analala wapi. Abdullahi alikuwa ananitazama kutoka chini, na hakuniomba kitu.

Nikaandika: Abdullahi is not harmful. I was wrong. Nikatia sahihi.

Afisa akamwachilia, tukarudi shule. Nikamwambia pole. Akasema, "Ahsante, mwalimu," basi. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

Alhamisi nikawaambia darasa watunge wenyewe, kila mtu sentensi moja yenye neno harmful, juu ya jambo lolote. Mchana nikasahihisha. Snakes are harmful. Dirty water is harmful. Nikafika kwenye daftari la Abdullahi. Mstari mmoja, mwandiko wa kupendeza:

My teacher was harmful on Tuesday.

Nilitafuta kosa, nawaambia kweli. Nilitamani nipate hata nukta iliyosahaulika. Hakuna. Nikachukua kalamu nyekundu nikaweka tiki.

Alipolichukua daftari lake aliiangalia ile tiki, akaniangalia mimi, akaketi mahali pake pa siku zote, mbele.

Nimekuwa mzee sasa, na bado naifikiria ile "on Tuesday". Angeweza kuiacha. Sentensi ingesimama sawasawa bila hiyo siku, na mimi ningekuwa harmful mpaka leo. Mimi kwenye barua yangu sikumwekea yeye siku yoyote.

Kwa hiyo kijana wa ule uzi, sarufi umeshapewa. Langu ni hili tu: ukilitumia neno hilo kwa mtu, taja na siku.

Walimu mliomo humu, kuna sentensi ya mwanafunzi iliyowahi kuwanyamazisha hivi? Na ndugu zangu wa Garissa, kama nimekosea lolote kuhusu kwenu, nikosoeni. Nimezoea.