Kishingo wa Vioo vya Rangi

Darasa letu la vioo vya rangi lilikuwa Jumamosi mchana, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya kanisa moja hapa Singida mjini. Fundi aliyetufundisha alikuwa mtu wa makamo. Ujana wake wote aliumaliza akitengeneza madirisha ya makanisa mikoa ya mbali, na aliporudi nyumbani akaamua kumfundisha yeyote anayetaka. Dini hakuuliza, wala umri. Mimi nilikwenda kwa sababu watoto wangu walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja, na Jumamosi zilikuwa zimeanza kunielemea.

Meza moja nilikaa na mama mmoja kutoka Mungaa. Alikuwa mkulima, amenizidi miaka kadhaa, nami nikamwita dada. Yeye aliniita mwalimu, maana ndiyo kazi yangu. Upande wa pili alikaa mama mwenye duka la vitambaa sokoni, Mwislamu, mtu wa mjini hasa, ambaye alikuwa anatengeneza nyota ya pembe nyingi ya kuweka juu ya mlango wake. Mimi nilikuwa nahangaika na ua la alizeti. Petali zilinishinda, kila nikikata moja vizuri, ya pili inakatika vipande.

Dada wa Mungaa alikuwa anatengeneza kuku. Si jogoo mwenye mkia wa kupendeza, bali tetea wa kawaida wa rangi ya udongo, na shingo yake haina manyoya, nyekundu tupu. Wale tunawaita vishingo. Siku aliyotandika mchoro wake mezani, mama wa duka alimuuliza kwa upole kama hakuona ndege mwingine mzuri zaidi huko kwao. Yule dada aliinamia karatasi yake, akaiwekea mawe pembeni isipeperushwe na upepo, akajibu, "Huyu ni kuku wa mtu."

Alikuwa na mkono mwepesi. Alichagua kioo chekundu cha shingo kwa muda mrefu, akikiinua dirishani, akikigeuza, akikirudisha. Alipokikata kikatoka safi mara moja, na akakaa nacho mapajani kama mtu aliyeshika yai. Kisha akakata mgongo, kichwa na bawa moja.

Halafu akaumwa. Ilikuwa presha, na haikumchukua muda. Tulikwenda Mungaa kumzika, tukakaa na wanawake wenzetu jikoni, tukarudi mjini. Kazi ya dada, Fundi aliifunika kwa kitambaa, akaiweka kwenye rafu. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuimalizia, na hakuna aliyesema iondolewe. Tulizoea kupita pale rafuni bila kutazama.

Mavuno yalipokwisha, Jumamosi moja mlangoni alisimama mzee mrefu, mwembamba, ameshika kifurushi cha kitenge. Tulimtambua kutoka msibani. Tukasimama tukampa shikamoo, akaitikia mmoja mmoja. Alieleza kwamba amekuja kurudisha vifaa ambavyo marehemu mke wake alikuwa akivichukua kwenda kufanyia mazoezi nyumbani. Hakutaka vitu vya watu vikae kwake.

Fundi alipokea, akashukuru, akasitasita. Kisha akaenda rafuni, akaleta ile kazi mezani, akafunua.

Mzee aliinama kuitazama. Akaweka kidole kwenye kile kioo chekundu.

"Huyu ni kuku wangu," alisema.

Nilimvutia kiti, akakaa. Akatusimulia kwamba miaka ya nyuma alikuwa na kishingo mmoja, mbaya wa sura kuliko kuku wote wa pale kijijini, ambaye alimfuata kila alipokwenda, hata shambani. Kila wakija wageni mke wake alitaka kumchinja, naye alikataa. Ilifikia hatua majirani wakawa wanauliza habari za huyo kuku kwanza, ndipo za watoto. Kuku alikufa kwa uzee, na mke wake, aliyemsema vibaya muda wote, ndiye aliyechimba shimo la kumfukia, kwa sababu yeye mzee alishindwa.

"Aliniambia anatengeneza maua," alisema, akafuta uso kwa kiganja. Mama wa duka alimimina chai kutoka kwenye chupa yake, akamsogezea kikombe.

Alipomaliza kunywa alimuuliza Fundi kama mtu wa umri wake anaweza kufundishika. Fundi alimpa kipande cha kioo cha kawaida cha dirisha, ajaribu pale pale.

Kuanzia hapo alikuja kila Jumamosi, akakaa kwenye kiti cha mke wake, jirani yangu. Mwanzoni alikandamiza mno. Mikono ile ilizoea jembe na kamba za ng'ombe, na kioo kilipasuka alikotaka na asikotaka. Hakukasirika. Alikusanya vipande, akavitia kwenye ndoo, akaomba kingine. Mama wa duka ndiye aliyemfungua. Alimwambia aache kutazama mkono, asikilize. Kikata kioo kikipita vizuri hutoa mlio kama kitambaa kinachochanwa. Mzee akafumba macho, akavuta mstari, na kioo kikaachana sawasawa. Akafumbua macho akatutazama sote kwa zamu.

Polepole alikata mkia, akakata bawa la pili na miguu. Akajifunza kuvisha kingo za kila kipande utepe mwembamba wa shaba, kazi inayotaka vidole vidogo, na vyake vilikuwa vinene. Jioni tulipoondoka alibaki akiutandua utepe uliojikunja na kuanza upya. Katika miezi hiyo mimi nami nilikamilisha petali zangu, nadhani kwa kumwonea aibu.

Ikabaki shingo peke yake. Alikuwa anaivisha utepe ilipomponyoka. Ilidunda kwenye saruji, ikawa vipande viwili.

Fundi alipekua sanduku lake, akarudi mikono mitupu: chekundu cha namna ile kilikuwa kimekwisha. Alisema anaweza kuagiza Dar es Salaam, hata kama itachukua muda. Mzee alikuwa amepiga magoti. Aliokota vipande vyote viwili, akaviunganisha kiganjani.

"Hii aliikata yeye," alisema. "Siwezi kuweka nyingine."

Fundi akafikiri. Akasema basi itaungwa kwa risasi ya kuyeyusha kama viungo vingine, ila mstari utapita katikati ya shingo na hautafichika. Mama wa duka akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kila atakayeingia ataona ilivunjika.

"Na ilivunjika kweli, mama," mzee akamjibu.

Nilimshikia vipande kwa koleo huku yeye akiyeyusha risasi juu yake. Moshi mdogo ulipanda. Alipoondoa chuma cha moto, mstari wa rangi ya fedha ulikuwa umelala kwenye shingo, umepinda kidogo, na kuku alionekana kama amegeuka kumtazama mtu aliyemwita.

Tulimsindikiza Mungaa kwenda kukipachika kioo, kazi yote imefungwa katikati ya godoro nyuma ya gari. Binti yake alitaka kuku awekwe sebuleni wageni wamwone. Mzee alikataa, akachagua dirisha la chumbani kwake, la mashariki. Kufikia saa tulipomaliza, jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa nyumba, na kioo kilikaa kimya, bila rangi ya maana. Mzee aliona aibu kama mwenyeji ambaye wageni wamemkuta chakula hakijaiva. Akatuomba sisi wanawake tulale pale, tuone asubuhi. Tulilala chumba cha binti.

Kulipokucha alibisha mlango, akatuita. Ukuta mkabala na dirisha ulikuwa na kuku mzima wa mwanga, mkubwa kuliko yule wa dirishani, na shingo yake ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Binti alijifunika mdomo kwa khanga. Mama wa duka alimshika mkono. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa tayari nguo za shamba, jembe limeegemea mlangoni. Nilimuuliza kama hachelewi.

"Atashuka," alinijibu, akionyesha ukuta kwa kidevu. "Akifika sakafuni naenda."

Tukakaa naye. Yule kuku aliteremka taratibu kadiri jua lilivyopanda, akapita kwenye mto, akapita kwenye blanketi. Alipogusa sakafu mzee aliinuka, akachukua jembe lake, akatuaga, akatoka.