Kulazwa kwa Chefe

Mwaka ule gesi ilipogunduliwa baharini, watu wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, waliacha kufanya mambo yao, wakabaki kuyaahirisha. Paa likivuja, litaezekwa gesi ikija. Posa ikiletwa, harusi itafungwa gesi ikija. Kulikuwa na bwana mmoja nyuma ya soko aliyeahirisha hata jino bovu, akawa anazunguka na shavu limevimba huku akitabasamu upande mmoja, maana kampuni, alisema, haiji bila daktari wa meno.

Bi Zubeida, mkaanga samaki wa bandarini, hakuwa mjinga kuliko wenzake. Yeye aliahirisha kifo cha paka wake.

Paka mwenyewe aliitwa Chefe, yaani bosi kwa Kireno, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa akifika kwenye karai amechelewa, anakula kabla ya wateja, anachagua kipande kikubwa, kisha analala mpaka kesho. Marehemu Ibraimo, mume wa Bi Zubeida, ndiye aliyemwokota akiwa kitoto ndani ya gunia la ng'onda, na tangu Ibraimo afe, Chefe ndiye aliyebaki kugombezwa nyumba nzima. Mwanamke aliyezoea kugombeza anahitaji wa kumgombeza. Msimcheke.

Sasa Chefe alikuwa ameota uvimbe kwenye taya, mdomo haufungi, udenda unamtoka na mbavu zinahesabika. Hajirambi tena, na akiguswa analia. Bi Zubeida alikuwa na maelezo kwa kila jambo. Hali chakula? Amefunga. Anajikojolea? Uzee huo, hata wazee wetu. Jirani yake Cadija aliposema waziwazi, "Dada, mnyama huyu anateseka, mtafutie mtu ammalize," alifukuzwa kwa mwiko unaodondosha mafuta, na siku hiyo hakupata hata kichwa cha samaki.

"Gesi ikija," alisema Bi Zubeida, "watajenga hospitali ya wanyama. Wazungu hawaishi bila hospitali ya wanyama."

Ndipo akapita Lourenço, bwana mifugo wa wilaya, Mmakonde wa Mueda aliyeletwa mjini kwa ajili ya mbuzi na kuku. Alikuja kula samaki. Akamwona Chefe chini ya meza, akamsahau samaki, akainama kumpapasa taya. Chuoni, kwa Kireno, alifundishwa neno *abater*, kuchinja, lakini hilo ni neno la mbuzi wa kitoweo, na mama huyu alikuwa akimkazia macho. Siku zile wakubwa wote walisema kwa maneno laini. Watu wa kuondolewa mashambani mwao hawakuambiwa wanaondolewa. Waliambiwa *reassentamento*, makazi mapya, wakapewa soda. Lourenço naye alikaa kwenye mikutano ile akajifunza. Akakumbuka kwamba Wareno wenye adabu husema mnyama anatiwa usingizi, akaligeuza neno kuwa Kiswahili.

"Mamã, huyu tumlaze."

"Alhamdulillahi!" Bi Zubeida alishusha mwiko. "Nilijua tu. Lini, mwanangu?"

"Ukiwa tayari. Hata kesho asubuhi."

Pwani nzima inajua kulazwa ni nini. Ni kitanda, ni chakula cha mgonjwa, ni ndugu kupeana zamu, na ukipata nafuu unaruhusiwa kurudi kwako. Habari ikaenea kwamba Chefe analazwa. Nusu ya mtaa ilidhani ni chefe wa posto, yule mkubwa wa serikali, ikafurahi kidogo kabla ya kusahihishwa.

Asubuhi Bi Zubeida alifika ofisini kwa Lourenço na kikapu kilichotandikwa khanga, Chefe ndani yake, chupa ya uji, na kipande cha changu kilichokaangwa bila pilipili.

Lourenço alimweleza taratibu, kama mtu mwema. "Sindano ya kwanza itamtia usingizi. Ya pili ndiyo yenyewe. Maumivu hatayasikia. Ila macho yatabaki wazi, mamã, usishtuke. Anaweza kujikojolea, au akavuta pumzi moja kubwa mwishoni."

"Hata Ibraimo alipopasuliwa ngiri alikuwa hivyo hivyo," alisema Bi Zubeida. "Na saa za kumtazama mgonjwa ni zipi? Uji nilete mimi, au mnapika?"

Lourenço akaliweka chini bomba la sindano.

"Mamã, niliposema kumlaza..." Alitafuta neno jingine laini, akalikosa. "Haamki."

Bi Zubeida akakivuta kikapu kwake.

"Kwa nini hukusema kufa?"

"Niliogopa."

"Umesoma kote huko ukashindwa kusema kufa? Kwenu Mueda watu hawafi?"

"Wanakufa, mamã."

Bi Zubeida akamnyanyua Chefe, kikapu na vyote, aende zake. Mlangoni akasita. Akatoa kile kipande cha changu, akakisogeza puani mwa paka aliyewahi kumpora ofisa wa forodha samaki mkononi. Chefe alinusa. Alijaribu kupanua mdomo, maumivu yakamshika, akalia, kisha akageuza kichwa upande. Bi Zubeida alisikia uchungu na aibu kwa pamoja. Miezi yote ile mwenye kusubiri gesi alikuwa yeye. Chefe alikuwa akimsubiri yeye tu, na kwa maumivu.

"Na tukingoja gesi?" aliuliza, sauti imepungua.

"Gesi bado miaka, mamã. Huyu hamalizi wiki, na wiki yenyewe ni ya mateso."

Akarudi, akakaa, akampakata.

"Basi mlaze."

Alimshika kichwa akamgombeza polepole mpaka mwisho: mwizi we, mvivu we, mchelewaji we. Macho yalibaki wazi kama alivyoambiwa, na alishtuka vilevile. Aliyelia kwa sauti ni Lourenço. Bi Zubeida akamfuta kwa pembe ya khanga, akammiminia uji wa mgonjwa, akasimama hapo mpaka alipoumaliza.

Nyumbani alikuta majirani wamejaa barazani, wamekuja kuuliza hali. Cadija, mwiko ameshausahau, alikuwa amechemsha supu ya samaki na kuichuja miiba.

"Vipi mgonjwa, dada? Wamemlaza?"

Bi Zubeida alisimama kwenye jua kali, kikapu mikononi.

"Ameruhusiwa," alisema.

Cadija akaangua kigelegele, akanyoosha mikono kukipokea kikapu. Ndipo akaona kikapu kilivyofunikwa khanga mpaka juu.