Mkamwana Wangu Edinah na Chumba Kisichoingiwa

Mke wangu Orpah alipozikwa, watu wengi walikuja, wakala, wakaondoka. Edinah alibaki.

Edinah ni mke wa mwanangu Okari. Okari ni koplo wa jeshi. Mwaka huo alikuwa ametumwa nchi nyingine kulinda amani. Alipewa ruhusa fupi ya mazishi, akarudi huko. Edinah alikuwa akiishi kwenye nyumba za kambini, lakini sasa akasema hatarudi huko mpaka mume wake arudi. Akafungua nyumba yao hapa kwangu, karibu na Masara, akaingia na mtoto wao Sheila ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea.

Orpah aliuawa na malaria. Alikuwa ameenda kumtembelea binti yetu Mourine, aliyeolewa Magunga. Homa ikamshika huko. Wakampeleka hospitali, Homa Bay, damu ikawa imepungua sana. Edinah ndiye aliyekaa naye. Mimi nilikuwa naenda na kurudi, kwa sababu ya ng'ombe.

Sisi Wagusii, hata tuliohamia huku Migori zamani kulima na kuuza ndizi, tuna heshima tunayoita chinsoni. Mimi siingii nyumba ya mwanangu aliyeoa. Mke wake anaweza kuniletea chakula sebuleni, lakini chumba changu cha kulala haingii. Kitanda changu hakioni. Tumekuwa Waadventista miaka mingi na hiyo bado hatujaigusa.

Kwa hiyo Orpah alipoondoka, chumba changu kilibaki na mimi peke yangu. Kufagia, mimi. Neti, hakuna. Wakati wa matanga mtu aliifungua neti ya Orpah akaenda kuzungushia sukuma wiki, kuku wasiingie. Sikuuliza ni nani. Nilikuwa naiona kila asubuhi, ile ya bluu, inalinda mboga.

Edinah naye aliiona. Akaenda zahanati, akarudi na neti mpya. Akaiweka kwenye kiti sebuleni pamoja na kamba na misumari.

"Baba, neti ndiyo hiyo."

"Nimeiona."

Baada ya siku kadhaa akaniuliza akiwa nje, nyuma ya ukuta wangu. "Baba, umeifunga?"

"Nitaifunga."

"Leo?"

"Nitaifunga, Edinah."

Sikuwa nimekataa. Mkono ndio haukuenda. Neti ile ilikuwa ya watu wawili.

Nilikuwa nakaa nje kwenye stuli nikimtazama. Mambo yake yalinishangaza. Mlangoni kwake aliweka buti kuukuu za Okari. Jioni ziko ngazini, asubuhi ziko dirishani, kesho yake zimepakwa matope. Mtu akipita barabarani anasema koplo yuko. Sokoni wakimwuliza mume wake yuko wapi, anajibu, "Yuko kazini," basi. Mahali pa kazi hapataji. Ndoo ya mchanga iko karibu na jiko. Kopo likiingia maji ya mvua, anayamwaga kabla ya usiku, mbu wasizaliane. Nilijua kupanda ndizi na kujua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama. Hayo ya Edinah sikuwahi kuyaona kwa mtu.

Masara kuna dhahabu, na dhahabu inaleta wageni wengi. Okari akapiga simu akasema madirisha yote yatiwe vyuma. Akaja Maroa, fundi wa kuchomelea, Mkuria mcheshi. Akaanza na dirisha la chumba changu, akalifunga imara. Akahamia kwa Edinah.

"Hili la kulala nataka lifunguke kwa ndani," Edinah akamwambia. "Weka bawaba na kufuli."

"Mama Sheila, mwizi naye atalifungua."

"Mwizi hana ufunguo. Moto ukishika mlangoni, mimi na mtoto tutatokea wapi?"

"Moto gani sasa?"

"Ule usiopiga hodi."

Maroa akanigeukia. "Mzee, huyu mlimtoa wapi? Nimechomelea vyuma kutoka hapa mpaka Osiri, hakuna mwanamke amenipigisha kwata hivi."

"Muulize Okari," nikasema.

Edinah alikuwa anatazama dirisha langu. "Na la baba?"

"La mzee limekwisha."

"Litarudiwa. Liwe kama langu."

Maroa akasema atarudi. La sebuleni kwangu hata hakuligusa. Akaenda Osiri, akakaa huko.

Sabato moja niliamka na baridi kwenye mifupa. Edinah akaniletea uji sebuleni. Nikanywa kidogo. Akaangalia kikombe.

"Baba, twende zahanati."

"Nenda kanisani. Ni uchovu tu. Na boma haliachwi bila mtu."

Hilo lilikuwa kweli. Wezi wa huku wanaijua Sabato kuliko washiriki wengine. Wanajua Jumamosi boma zetu ziko tupu. Basi wakaenda, nami nikabaki kulinda. Nikatia komeo mlango wa mbele. Nikafunga madirisha. Chumba kikawa giza, na mbu gizani hajui kama ni mchana. Nikawasha ile dawa ya mbu iliyojiviringisha kama konokono, nikaiweka juu ya kifuniko cha bati kando ya kitanda. Nikajifunika blanketi. Baridi ilikuwa nyingi.

Yaliyofuata nimeyapata kwa jirani yangu Scovia, ambaye ameyasimulia Masara yote.

Scovia anasema watu walikuwa katikati ya somo. Edinah akasimama, akamfunga Sheila mgongoni, akatoka. Scovia akamfuata, akidhani mtoto anaumwa. Njiani Edinah alisema neno moja tu: "Uji ameuacha."

Walipofika langoni, moshi ulikuwa unatoka chini ya mabati. Blanketi lilikuwa limeangukia ile dawa, moto ukaingia kwenye godoro, polepole.

"Baba! Baba!"

Edinah aliita huku akimfungua Sheila mgongoni.

Akampa Scovia mtoto. Akausukuma mlango, komeo. Akazunguka kwenye dirisha la chumba changu, vyuma. Scovia anasema alivishika vile vyuma mara moja akaviachilia, hakupoteza muda navyo. Akachukua mchi jikoni, akavunja dirisha la sebuleni, lile ambalo Maroa hakuligusa. Akachovya leso kwenye pipa la maji, akajifunga puani na mdomoni.

"Edinah, usiingie! Humo ni chumbani kwa baba mkwe wako!"

"Basi ingia wewe."

"Mimi? Mimi nina presha!"

"Basi piga kelele. Hiyo unaiweza."

Akaingia.

Mimi nakumbuka kidogo. Nilikuwa chini, mtu ananivuta kwa kola ya koti, uso wangu karibu na sakafu. Nilidhani ni Orpah. Nilimwambia, "Orpah, neti bado sijaifunga." Nikasikia komeo likitoka. Kisha jua.

Watu waliokuwa barabarani walisikia kelele za Scovia wakaja. Godoro likatolewa, likamwagiwa maji na mchanga. Nyumba ilipona. Mimi nilibebwa kwa pikipiki hadi zahanati, nikapimwa, ikawa malaria. Nilipewa dawa.

Niliporudi, Edinah hakuonekana. Alikuwa amejifungia kwake. Chakula changu kililetwa na Scovia.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Anasema amekuvunjia heshima. Anafunga mizigo arudi kambini. Anasema atakaaje hapa, na wewe umtazame vipi."

Yule aliyeingia kwenye moshi alikuwa anauogopa uso wangu. Na mimi nilikuwa nauogopa wake. Sikujua nimwambie nini. Nilijua tu kwamba akienda, mimi sitafika mbali. Wala sikuwa na hamu ya kufika mbali, mpaka siku hiyo niliposikia anaenda.

Kaka yangu mkubwa Bichage akasikia, akaja na mzee Motari. Tukaketi uani.

"Angwenyi," Bichage akasema, "jambo hili haliachwi hivi hivi. Mkamwana ameingia chumbani kwa baba wa mume wake. Atoe mbuzi tusafishe, au arudi alikotoka."

"Mbuzi nitatoa mimi."

"Si wewe uliyeingia."

"Mimi ndiye niliyekuwa ndani. Ningekufa, mngekula ng'ombe wangu wangapi?"

Motari akakohoa kuficha kicheko. Bichage hakucheka. Akamtuma Scovia amwite Edinah.

Edinah alikuja akasimama karibu na jiko, leso kichwani, uso ameugeuzia ndizi.

"Mwanangu," Bichage akasema, "ulipoingia humo, uliona nini?"

"Sikuona kitu, baba mkubwa."

"Hukuona kitanda?"

"Sikukiona."

"Utamtoaje mtu kitandani bila kuona kitanda?"

Akasema kwa sauti ya chini, lakini bila kutetemeka:

"Kwenye moshi mtu haendi kwa macho. Tulifundishwa kambini, sisi wake wa askari. Unalala chini, unafunga macho, unafuata ukuta kwa mkono. Ukiyafungua, moshi unayachoma na bado huoni. Mimi niliyafunga dirishani. Niliyafungua nje, kwenye majani."

Motari akaigeukia nyumba, akaipima kwa macho.

"Kutoka dirishani hadi kitandani," Motari akasema, "ukimvuta mtu mzima, hadi mlangoni, mpaka kutoa komeo. Macho umefunga."

"Ndiyo, baba."

Bichage akainuka. Akaingia nyumbani kwangu bila kusema. Tukasikia kishindo cha meza. Tukasikia stuli ikianguka. Tukasikia, "Yesu wangu!" Akatoka anasugua muundi wa mguu.

"Nimejaribu kwa macho yaliyofumbwa," akasema. "Sikufika hata kwenye pazia la mlango wa chumba." Akaketi. Alimtazama Edinah muda mrefu, kama mtu anayetazama mlima ambao hakujua uko nyuma ya nyumba yake. "Hakuona. Na asiyeona hakuvunja kitu. Fungua mizigo yako, mwanangu."

Edinah akafuta macho kwa leso. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Baba mkubwa, kwa kuwa unaijua nyumba sasa, neti ya baba iko kwenye kiti."

Kaka yangu ndiye aliyeifunga. Edinah alisimama nje ya ukuta.

"Kamba ya upande wa mlango umeifunga chini sana."

"Umejuaje na wewe uko nje?"

"Nimesikia ulipopigilia msumari."

"Angwenyi!" Bichage akaita akiwa juu ya stuli. "Koplo ni mwanao au ni huyu?"

Wiki ile Maroa akarudi, akakata vyuma vya dirisha langu, akatia bawaba. Hakufanya mzaha. Alimwita Edinah "afande".

Jambo moja liliendelea kunisumbua. Bichage ameishi karibu nami maisha yake yote na ameshindwa na meza yangu. Edinah hakuwahi kuvuka lile pazia. Jioni alipoleta ugali, nikamwuliza nikiwa nimeangalia pembeni.

"Edinah. Njia ya humo ndani uliijuaje?"

Alipanga sahani kwanza.

"Mama aliniambia," akasema. "Kule hospitali, Homa Bay. Siku zile usingizi ulikataa kumshika. Alikuwa ananieleza. Ukipita pazia, fuata ukuta wa kulia. Utakuta sanduku, lile la bati, kona yake moja imebonyea. Sanduku likiisha, kitanda kinaanza. Kichwa cha baba yenu kinaelekea ukuta wa nyuma, hapendi jua la asubuhi. Koti lake anatundika kwenye msumari, lakini akiwa na homa analala nalo."

"Alikuambia hayo yote?"

"Tena na tena. Nilimwambia, Mama, mbona unanieleza chumba cha baba, na unajua siwezi kuingia humo? Akasema, 'Najua. Nakuambia tu ili nipaone.'"

Akaniwekea mboga, akatoka.

Ugali ulipoa.