Tembe la Bibi Lilipolowa

Nikisikia harufu ya udongo uliolowa siwezi kutulia. Nainuka, nakagua kuta, ingawa nyumba yangu ni ya matofali ya saruji na bati.

Utotoni, mvua ilinyesha mfululizo hadi paa la udongo la tembe la bibi likaanza kulia. Mama alinishika mkono uani, akaita, "Mama, toka! Nyumba inaanguka!"

"Ngoja, ndama bado yumo," bibi akajibu kutoka ndani.

Boriti ikavunjika, upande mzima wa paa ukaporomoka. Nilitaka kukimbilia mlangoni, mama akanibana zaidi huku akipiga yowe. Kisha ndama akachomoka, na bibi nyuma yake, ametapakaa tope hadi kwenye kope.

Akakitazama kifusi, akatugeukia.

"Mmesimama tu? Leteni majembe tujenge upya, udongo bado laini."