Mdudu wa kidonda cha mama anasikia dawa zote, lakini mguu nusura uondoke

Wakuu, habari za humu. Kisa hiki sijaongeza chumvi, na mwisho nina swali maana bado kinanizungusha kichwa.

Mama yangu anakaa Tabata. Mtaani kwetu ukijikata unaenda kwake. Anafungua kapsuli ya rangi mbili, anamwagia unga kwenye kidonda, umemaliza. (Najua hata kwenu ipo, msijifanye.)

Karibuni akakanyaga msumari, akajitibu kwa unga wake. Juu kidonda kikakauka vizuri, mguu ukavimba hadi kwenye kifundo. Hospitali daktari akasema uvimbe ukipanda zaidi, huenda wakaukata mguu. Niliogopa sana.

Wakachukua usaha, wakaupeleka maabara kuotesha wadudu waliomo. Majibu: mdudu anasikia dawa zote walizomjaribia, yaani zote zinamuua.

Nikashusha pumzi. Mama ndio kabisa.

"Kumbe kadudu kenyewe kalegevu? Nirudisheni nyumbani, vidonge ninavyo."

Dada Rehema, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi maabara na alikuwa amekuja kumwona. Akamwambia, "Mama mdogo, kusikia dawa sio upole. Usimdharau huyo."

Akatueleza kwamba bakteria wengine wana jeni zenye kazi mbili. Kuna jeni inayompa mdudu vijilango vya kuingizia chakula, dawa nayo inapitia humohumo. Vikiwa wazi anashiba, anazaana, anashambulia mwili kwa kasi, ila dawa inampata kirahisi. Akivifunga, dawa inakwama, lakini na yeye njaa inampunguza makali. Sio wote lakini, wapo sugu na wakali vilevile.

Miaka yote nilidhani usugu na ukali ni kitu kimoja.

Mama akauliza, "Kwa hiyo wangu ni mkali, ila anapigika?"

"Anapigika, ukimaliza sindano zote ulizoandikiwa."

Akakubali kubaki wodini. Leo mguu anao na sokoni anaenda mwenyewe.

Juzi jirani kaja na kidole kimechanika, anataka unga. Mama akamwosha kwa maji na sabuni, akamfunga kitambaa safi.

"Nenda hospitali, mwanangu. Unga wangu unafunga mlango mwizi akiwa ndani."

Nilichojifunza: majibu ya maabara yanakwambia dawa gani itamuua mdudu, hayakwambii yeye atakufanya nini.

Sasa wataalamu, mdudu aliyefunga vijilango anaweza kurudisha makali yake na usugu akabaki nao? Rehema anasema inategemea na mdudu. Mama hajaridhika, ananiuliza kila nikimpigia. Nisaidieni cha kumjibu.