Nta Chini ya Nyuzi

Harufu ya nta ya nyuki haitoki mikononi upesi, hata ukinawa kwa sabuni mara mbili. Ilinishika Jumanne iliyopita, siku ya kumi na moja tangu tulipomzika mume wangu hapa Homa Bay, nilipoiteremsha nyatiti ya baba yangu kutoka juu ya kabati ili niipanguse vumbi. Sikuwa na haja nayo. Nilikuwa nimekwisha kupangusa kila kitu kingine nyumbani, viti vya wageni, saa ya ukutani, viatu vya marehemu, na mikono ilikuwa bado inataka kazi. Katika siku hizo zote sikuwa nimelia. Majirani walinisifu kwamba nina moyo mgumu, nami niliwaacha waamini hivyo, kwa kuwa napenda kuheshimiwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaukanyagia sakafuni, unaona kwa macho kwamba umekanyaga, lakini husikii kitu.

Niliinusa nta ile, nikajikuta Rangwe, nikiwa na umri wa miaka tisa na miezi minne.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, nyatiti ni kinanda cha nyuzi nane. Tumbo lake huchongwa kwa mti na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga mti wa kinanda ili kupata mapigo. Lakini siri yake iko chini ya nyuzi. Hapo pana vipande vya tete vilivyoshikizwa kwenye ngozi kwa nta nyeusi, na nyuzi hupita juu yake zikivigusa kidogo tu. Mguso huo mdogo ndio unaoifanya nyatiti ivume kama mzinga. Ukiyaondoa matete, au ukiyazamisha mno katika nta, sauti inabaki tupu.

Nilijua haya yote kwa sababu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wanaume watatu walikutana uani kwetu kuzungumza juu ya nyuzi. Mmoja alikuwa baba yangu. Wa pili alikuwa Onditi, mfanyabiashara wa nyavu kutoka Rongo, mwenye vidole vinene na majivuno. Wa tatu alikuwa Mwita, kijana kuliko wenzake, Mkuria wa Kegonga, ambaye hakupiga nyatiti bali iritungu, kinanda cha watu wake chenye nyuzi nane vilevile na sauti nzito zaidi. Kwa kuwa Mwita hakujua Kijaluo, nao hawakujua Kikuria, mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata hapo, kikiwa kimepinda. Nilikuja kukinyoosha nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane, katika darasa la ngumbaru, ambako pia nilifundishwa kuandika siku na mwezi juu ya kila ukurasa. Tangu hapo sijaacha.

Walibishana hasa juu ya nyuzi. Mwita alishikilia kano za ng'ombe, zilowekwe, zisokotwe, zikauke kivulini. Onditi alikuwa ameanza kutumia nailoni ya kuvulia samaki.

“Nyuzi ya samaki inalia kama samaki,” Mwita alimwambia. “Umeshasikia samaki ikilia?”

“Na hiyo kano yako, bwana, mvua ikinyesha inalegea kama suruali ya mlevi.”

“Nyinyi wawili mnapigania nyuzi,” baba alisema bila kuinua macho, “na mikono ndiyo mbaya.”

Kisha walifundishana kweli. Walielezana namna ya kuufunga uzi kwa kitambaa juu ya mti ili usiteleze, wimbo upi unafaa kwanza kwenye msiba wa mzee na upi usithubutu kuuanza kabla watu hawajala. Walikubaliana kwamba ngozi ikipata unyevu huota jua kwanza, lakini kwa kiasi, na nta ikae kivulini. Mimi nilikuwa natumwa kuleta nta. Niliruhusiwa kuitafuna mpaka ilainike, kisha nikaitema kiganjani mwa baba. Huo ndio ulikuwa mwisho wa ruhusa yangu. Msichana hakushika nyuzi, na hakuna aliyeona haja ya kunieleza kwa nini.

Mama alifariki Jumatatu, baada ya kuugua siku tisa. Tulimzika Jumamosi ya pili ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima. Watu wananiuliza mtoto wa miaka tisa anakumbukaje. Nakumbuka kwa sababu sikuwa nahisi lolote, na asiyehisi anabaki na kazi ya kuhesabu. Nilihesabu masufuria. Nilihesabu wanawake waliokuwa wakilia, wakanyamaza, wakauliza chumvi iko wapi, wakaanza kulia tena.

Asubuhi hiyo Onditi alimvuta baba pembeni ya nyumba, karibu na mahali nilipokuwa nimesimama.

“Omera, ndugu yangu, mwenye msiba hashiki nyuzi. Wacha nipige mimi.”

“Nilimwambia nitampigia,” baba alijibu.

“Mikono itatetemeka.”

“Itatetemeka.”

Kisha baba aliniona. Aliitazama nyatiti, akaibonyeza ngozi kwa kidole. Ilikuwa imelegea kwa unyevu. Hapakuwa na jua. Akanipa niibebe, akaniambia niiweke karibu na moto wa kupikia, mbali kidogo, ikauke, nisiiache peke yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuibeba. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani.

Niliiweka hatua tatu kutoka kwenye moto, nikakaa. Mwanamke mmoja aliongeza kuni. Mwingine alinituma maji, nami nikaenda, kwa kuwa mtoto akitumwa huenda. Niliporudi, moto ulikuwa umepanda, na nta ilikuwa imeyeyuka na kutiririka juu ya ngozi. Matete yalikuwa yameteleza, moja limelala upande, jingine limeangukia majivuni.

Sikulia, wala sikuita mtu. Niliikokota nyatiti hadi nyuma ya ghala, nikakwangua nta kwa kucha, nikaitia kinywani pamoja na majivu yake, nikatafuna. Niliyapenyeza matete chini ya nyuzi nikaikandamiza nta kwa vidole gumba vyote viwili, kwa nguvu zangu zote, ili yasitoke tena. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili, kubwa kuliko la kwanza. Matete hayakandamizwi. Hulazwa tu, yapumue. Nilikuwa nimewasikia wakilisema jambo hilo mara nyingi, na siku hiyo halikunijia.

Baba alikaa kwenye kigoda mkono wa kushoto wa nyumba, karibu na kaburi lililokuwa bado wazi. Alifunga njuga mguuni, akavaa pete, akagusa uzi mmoja. Ulitoa sauti fupi, kavu, kama mtu anayegonga meza. Nilimwona akitulia. Mwita, aliyekuwa nyuma yake na iritungu yake begani, aliinama akamnong'oneza kitu, akakiweka kinanda chake chini kando ya kigoda. Baba alitikisa kichwa. Kisha akapiga wimbo mzima kwa sauti ile iliyokufa, tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walitazamana. Mzee mmoja alimwambia mwenzake, kwa sauti niliyoisikia, kwamba majonzi yamemwondolea Ja-Rangwe mkono wake. Hivyo ndivyo walivyomwita, mtu wa Rangwe, na hivyo ndivyo jina lake lilivyoanza kushuka.

Baba hakunikemea siku hiyo, wala siku iliyofuata. Nilingoja aibadilishe nta, nione kwamba jambo limekwisha. Hakuibadilisha. Jumapili ya kwanza ya Mei wenzake walikuja kama kawaida, na Onditi, baada ya kusikiliza kidogo, alisema nta hiyo imekufa.

“Ikwangue, weka mpya. Nimekuja nayo.”

“Bado,” baba alisema.

Walimwambia tena Juni, wakamwambia Desemba. Mwita alileta nta ya nyuki wa milimani kwao, nyeusi na laini, akaiacha juu ya kigoda. “Bado,” baba alisema, na nta ile ikatumika kuziba ufa wa mtungi. Alikuwa akialikwa misibani. Taratibu wakaanza kumwalika Onditi badala yake. Kila alipopiga jioni uani, ile sauti tupu ilinifikia jikoni, nami niliielewa kwa namna moja tu: baba ananikumbusha. Niliamini kwamba ameamua kutonipiga ili anipigie hiyo. Nilikua nikiwa na adhabu hiyo masikioni. Nilipoolewa, nilifurahi kuondoka, na nilimtembelea kwa nadra kuliko ipasavyo binti. Alipofariki, aliagiza nyatiti ipewe mimi, si kaka zangu. Ukoo ulishangaa. Mimi sikushangaa. Nilidhani kwamba amenitumia deni langu nyumbani kwangu, nikaliweka juu ya kabati.

Sasa nirudi kwenye wiki iliyopita. Alhamisi, siku ya kumi na tatu, Mzee Mwita alifika kutoka Kegonga kunipa pole. Ana miaka themanini na mitatu, magoti yamemkatalia, lakini ulimi bado mzima. Alikunywa chai, akamsifu marehemu kwa maneno machache yaliyofaa, kisha akaiona nyatiti mezani nilipokuwa nimeiacha tangu Jumanne.

“Hiyo ya baba yako. Bado inalia kama samaki?”

Nilimwambia, kwa adabu, kwamba ningependa aitengeneze kabla hajaondoka. Nilitaka jambo hilo moja liishe. Alitoa kisu kidogo, akaigeuza nyatiti kuelekea dirishani, akavaa miwani, akacheka.

“Fundi gani huyu alikandika nta kama anakanda ugali?”

“Ni mimi, mzee.”

“Najua ni wewe, mama. Sisi wote tulijua. Ulikuwa na nta kwa mdomo na majivu kwa pua.”

Akaendelea, akiwa bado anaitazama nta.

“Nilimwekea yangu chini, nikamwambia, chukua hii, hiyo yako imeharibika. Akasema, nikichukua yako, watu watauliza yangu imefanya nini, na mtoto amezika mama leo.”

“Na miaka yote ile?” niliuliza. “Kwa nini hakuibadilisha?”

“Tulimuuliza. Tulimsumbua sana. Siku moja Onditi alikasirika, akashika kisu akwangue kwa nguvu. Baba yako akamshika mkono.” Alinionyesha nta kwa ncha ya kisu chake, bila kuigusa. “Angalia hapa. Na hapa. Akasema, hii ni kazi ya mtoto wangu, aliifanya peke yake siku ambayo mimi sikuweza kumwangalia. Kabla aanze kupiga alikuwa anaweka kidole chake hapo kwanza. Hukuwahi kuona?”

Sikuwahi kuona. Nilikuwa jikoni, nimeziba masikio.

Niliinama dirishani. Katika nta ile iliyogeuka ngumu kama kwato palikuwa na alama mbili za vidole gumba, ndogo sana, mistari ya ngozi ikiwa bado inaonekana katika ile ya kushoto. Ile ya kulia haikuwa na mistari. Ilikuwa imesuguliwa mpaka ikalainika na kung'aa, kama ngazi ya nyumba inayokanyagwa kila siku.

Niliweka kidole changu juu yake. Hakikuingia; mimi ni mtu mzima sasa. Nilikiacha hapo hata hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ya mazishi nilihisi kitu, kidogo, mfano wa sindano zinazoanza mguuni damu inapoanza kurudi. Haikuwa faraja. Ilikuwa ni kujua tu kwamba mguu ni wangu.

Mzee Mwita alikuwa amekishika kisu juu ya nta, akiningoja. Aliuliza kama anaweza kuanza kukwangua.

“Bado,” nilimwambia.

Alikunja kisu, akakirudisha mfukoni, akaiweka nyatiti sakafuni mbele ya kiti chake. Hakuwa na pete, kwa hiyo aligonga mti kwa kifundo cha kidole. Akapiga hivyohivyo ilivyo, kavu, na mimi sikwenda jikoni.