Mama Alipokuwa Mzazi wa Timu

Harufu ya chungwa lililokatwa vipande vinne na kunyunyiziwa chumvi hunirudisha Mokowe hata nikiwa nimesimama jikoni kwangu. Mtu aliyezaliwa mtaa wa Langoni, kisiwani, mngetarajia nikumbushwe kwetu na udi, au na samaki wa kupaka. Lakini mimi ni chungwa na chumvi. Nikilisikia tu, vidole hunipoa, na naiona ngazi ya gati, na nguo nyeusi mikononi mwangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilichezea timu ya raunda ya wasichana wa shule yetu. Asiyeujua mchezo huo nimweleze: mmoja hurusha mpira mdogo, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vigingi vinne kabla wapinzani hawajamgusa kwa ule mpira. Tulicheza na suruali chini ya sketi na mitandio iliyofungwa kwa pini chini ya kidevu, na tulikuwa hodari, nasema bila haya. Magongo yetu aliyachonga baba yangu, Bwana Athmani, fundi wa milango, kwa mbao iliyobaki kwenye kazi ya mtu.

Tulipoalikwa kwenda kucheza Mokowe, ng'ambo ya maji, Mwalimu Nekesa aliwaita wazazi. Yeye alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na bahari aliiogopa waziwazi.

"Wasichana kumi na wawili hawavuki maji na mimi peke yangu," alisema. "Nataka mama mmoja wa kujitolea. Mzazi wa timu."

Akina mama wakaangalia mkeka. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani, mwingine akakohoa. Sisi tuliokuwa tukichungulia dirishani tukaanza kuiaga safari. Ndipo mkono mmoja ukainuka nyuma kabisa, polepole, ukitoka ndani ya buibui.

"Mimi nitakwenda," akasema mama yangu.

Nilishtuka nikajigonga paji la uso kwenye nondo za dirisha. Mama yangu, Bi Mwanaisha, alikuwa mwanamke wa ndani. Alitoka kwenda harusini na msibani, basi. Nilijua amezaliwa Kiwayu, kisiwa cha wavuvi huko kaskazini, na kwamba baba alimuoa huko, lakini hilo lilikuwa jambo la kwenye karatasi. Mama alisema Kiamu, lahaja ya mji wetu, safi kuliko bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akikaa nasi na kujisifu kwa vizazi vyake vya mjini. Habari za Kiwayu hazikutajwa nyumbani kwetu. Na mimi, kwa kuwa hazikutajwa, nilidhani hazikuwapo.

Kazi ile aliishika kama ibada. Alitia kikapuni pini za akiba, pamba, dawa ya vidonda, maji, na machungwa aliyoyakata alfajiri. Na alituhesabu. Tulipopanda boti alituhesabu, tuliposhuka alituhesabu, tulipotoka kuswali adhuhuri alituhesabu tena, akitugusa kichwani mmoja mmoja, mpaka tukawa tunacheka. "Kumi na wawili," alikuwa akisema, "alhamdulillahi," kama mtu aliyefika salama kutoka mbali.

Tulishinda. Aliyetushindisha alikuwa Tima, jirani yetu na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, kisichana kidogo kwa umbo aliyeupiga mpira wa mwisho ukaenda kuwatawanya mbuzi wa watu kule mwisho wa uwanja. Tima akazunguka vigingi vyote vinne bila hata kuharakisha. Nikasikia mtu nyuma yangu anapiga kigelegele kikali, nikageuka, na kumbe ni mama. Akaona ninamtazama, akajifunika mdomo kwa ncha ya ushungi.

Tulirudi gatini baada ya alasiri, tukiimba na kusukumana. Maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi, yakivutwa chini ya gati, na rangi yake ilikuwa ya tope. Ngazi ya kushukia botini ilikuwa na ukoga. Maboya ya kuvaa yalikuwa bado yamefungwa chini ya viti. Tima alibeba mgongoni mfuko wa magongo, kwa kuwa shujaa ndiye anayebeba, tulisema. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nakumbuka nilimwambia, "Haraka basi, bingwa!" Sikumbuki kama nilimgusa. Nimejiuliza jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Hatukusikia kishindo. Wimbo ulikuwa mkubwa, nami nilikuwa nimegeuka kuuitikia. Mama akaja nyuma yetu, akasimama pale ngazini akitugusa vichwa, na akasema, "Kumi na mmoya." Akarudia kuhesabu. Kisha akaniangalia. "Tima yuwapi?"

Kati ya boti na ukuta wa gati kulikuwa na upenyo wa upana wa mlango mmoja. Juu ya maji pale palielea mtandio mweupe.

Mwalimu Nekesa alipiga ukemi. Nahodha akarukia upande wa nje wa boti, akichungulia. Wachukuzi wawili wakatupa kamba mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuishika. Kila mmoja alikuwa akifanya jambo na hakuna lililokuwa likifanyika. Nami nikahisi kitu kizito kinanitua mikononi, cheusi, chenye joto. Lilikuwa buibui la mama. Juu yake ukatua ushungi.

Nilipoinua macho, mama yangu alikuwa amesimama ukingoni na gauni la nyumbani, lile la maua lililofifia, mikono wazi, mabutu yake ya nywele yakionekana na kila mwanamume aliyekuwa gatini Mokowe. Akavuta pumzi mara tatu, fupi, fupi, kisha moja ndefu. Akaingia majini kichwa mbele, bila kurusha maji, kama kisu.

Ndugu zangu, nimeona mengi tangu siku ile, lakini sijapata tena kushtuka hivyo. Nilijua jinsi mama anavyokuna nazi na jinsi anavyopiga chafya. Sikujua kwamba anajua kuogelea. Ilikuwa kama ukuta wa nyumba yetu umesimama ghafla ukatembea.

Alikaa chini ya maji. Nahodha alianza kusema, "Yule mama naye..." Mwalimu Nekesa alikuwa amekaa chini, akiomba kwa lugha ya kwao. Nilisoma Aya ya Kursi nikaikosea, nikaanza upya. Mama alikaa chini ya maji mpaka mchukuzi mmoja akavua shati ili aingie. Halafu maji yakapasuka, lakini si pale tulipokuwa tukitazama. Yalipasuka upande wa pili, chini ya nguzo za gati, ambako mkondo ulikuwa umempeleka Tima na mfuko wake. Mama alikuwa amemshika ukosi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameikumbatia nguzo yenye chaza. Akapaza sauti kuita kamba, na hakuita kwa Kiamu. Ilikuwa lahaja ya visiwa vya kaskazini, pana, ya watu wanaoitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Nilikuwa sijaisikia kinywani mwake hata siku moja.

Wakawavuta. Tima alikuwa rangi ya majivu. Mama akamlaza ubavu, akamkandamiza, akampiga mgongoni, mpaka maji yakamtoka mdomoni na puani na kilio kikafuata. Kilio kibaya, cha kukwaruza. Sijasikia sauti tamu kuliko ile.

Wanaume wakageuza nyuso zao kwa adabu. Mkono wa mama ulikuwa ukitoka damu, umechanwa na chaza. Gauni lilikuwa limemganda mwilini. Akanyoosha mkono kwangu, kuomba nguo zake.

Na hapa ndipo ninapowaambia nisilowahi kumwambia mtu. Sikwenda. Sikuwa nikimuona mtu aliyeokoa roho. Nilikuwa nikiona nywele za mama yangu mbele ya watu. Nikarudi nyuma hatua moja, nyuma ya wenzangu. Muuza mahamri aliyekuwa karibu nami akauliza, huku machozi yakimtoka, "Mashallah, yule ni mama wa nani kati yenu?"

"Simjui," nikasema. "Ni mzazi wa timu tu."

Mama alikuwa hatua tano kutoka pale. Mkono wake ukashuka. Mchukuzi mzee akampa shuka yake, akiwa amegeuka, na mama akajifunika kwa hiyo. Baadaye Mwalimu Nekesa alilichukua buibui mikononi mwangu akampelekea. Ndani ya boti mama alituhesabu tena, akinigusa kichwani kama wengine. "Kumi na wawili."

Habari ilifika Langoni kabla yetu. Bibi alikuwa ameketi barazani ndani ya nyumba, midomo imekazwa. "Mke wa mwanangu, kitwa wazi mbele ya wachukuzi," alisema. "Watu watasema tumeoa wapi?"

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Mengi aliyaacha kwenye mbao. Aliuosha mkono wa mama kwa maji ya uvuguvugu, akautia dawa, ndipo akajibu bila kuinua kichwa. "Watasema tumeoa Kiwayu, mama. Nami ndiko nalikooa. Mtu wa kwanda kunambia kwamba mke wangu huyu hupiga mbizi kuwatoa kamba mwambani alikuwa babake, nami nkafurahi."

Bibi hakusema na mama kwa siku nane. Siku ya tisa mama yake Tima alikuja na Tima, akambusu mama ule mkono uliofungwa kitambaa, akalia mpaka bibi mwenyewe akainuka kumpa maji. Baada ya hapo yaliisha, au yalianza kuisha. Mwalimu Nekesa alipoitisha tena mzazi wa timu, mikono mitatu iliinuka. Mama akasema kazi ni yake, ila hakuna msichana atakayevuka na yeye kabla ya kujifunza kuelea.

Mimi nilingoja adhabu. Nilingoja wiki, mwezi, mwaka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami niliuficha wangu miaka kumi na sita, mpaka nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza na mama akaja kunilea arubaini. Siku moja asubuhi, mtoto akiwa bado hajapewa jina, mama alipokuwa akimkanda mafuta ya nazi, nikamuuliza kama alinisikia siku ile gatini.

"Nalisikia," akasema, bila kuacha kukanda.

"Na hukunambia neno?"

Akatia mafuta zaidi viganjani. "Nalipokuwa bibi harusi, mwezi wa kwanda, babangu alikuya hapa mjini na kapu la kamba wa mwambani, kunitazama. Ana nguo zake za baharini. Wageni wa mamake babako wakauliza, ni nani yule mlangoni? Nkasema, mtu wa samaki." Akamgeuza mtoto, akaanza mgongo. "Alikuwa papo ukumbini. Akaweka kapu, akasema, 'Bi, samaki wenu hawa.' Akenda zake. Nalipokwenda Kiwayu kumwangukia, alinikaribisha kama hakuna lililokuwa. Hakulitaja mpaka kufa kwake."

Nililia. Yeye hakulia. Akanipa mtoto nimshike, akaenda kunawa mikono.

Miaka yote ile nilidhani ninangoja kuadhibiwa. Kumbe nilikuwa nimesamehewa pale pale gatini, kabla shuka ya mchukuzi haijamfika mabegani, na msamaha wenyewe haukuwa wake wa kwanza: aliupokea kwa mvuvi mmoja wa Kiwayu ambaye sikupata kumjua, na ambaye jina lake ndilo nililompa mwanangu.